Kisima cha Juu: Kuzuru Miji Mikuu ya Pwani ya Wabajuni kwa Njia ya Lahaja

Mtu akituambia kwamba anakwenda kutalii mji mkuu wa kale katika upande wetu huu wa Afrika, aghalabu mawazo yetu hupanda milimani. Tunafikiri Gondar, mji wa wafalme wa Uhabeshi ulioanzishwa na Fasilides mnamo mwaka 1636, ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wenye ngome ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. Huko mgeni hukata tiketi langoni, hupewa mwongozaji, hupiga picha zake, akarudi na hadithi kamili.

Waswahili nao wana miji yao mikuu ya kale, na mmojawapo una neno “juu” ndani ya jina lake ingawa umekaa pale pale ufukoni. Huo ni Kismayu. Mwingine, Shungwaya, unatajwa katika simulizi za asili za watu wengi wa pwani, na hakuna mgeni aliyewahi kukata tiketi ya kuuona. Katika makala hii tunakusudia kumtembeza msomaji katika pwani ya Wabajuni, kutoka Kismayu hadi Ras Kiamboni, kwa njia iliyo wazi kwa mwanafunzi yeyote wa Kiswahili, yaani njia ya majina na lahaja. Tutawatazama pia wageni waliotutangulia, kwa sababu wengi wao walikwenda kutafuta mawe, na maneno yaliyokuwa yakisemwa mbele yao wakayaacha yapite.

Tuanze na jina. Wabajuni hulifasiri jina la Kismayu kuwa ni Kisima-iyu, yaani kisima cha juu. Kwa aliyezoea Kiswahili sanifu pekee, iyu huenda ikaonekana neno geni, lakini mwanafunzi wa lahaja hulitambua mara moja. Pale ambapo lahaja za kusini zina j, lahaja za kaskazini mara nyingi zina y: moja huwa moya, juu huwa iyu. Katika majina ya visiwa vya huko limo pia la Fuma Iyu na Tini, na hapo tunapata kanuni ya pili. Ch ya sanifu huwa t, kwa hiyo chini ni tini, na nchi ni nti. Kutokana na nti hiyo ndipo lilipotoka jina jingine la watu hawa, Watikuu, watu wa nti kuu, yaani bara kubwa linalotazamana na visiwa vyao. Lahaja yao ndiyo iitwayo Kitikuu au Kibajuni.

Sasa lipo jambo ambalo huwachanganya wanafunzi wetu kila mwaka. Katika Kibajuni t ya sanifu nayo huwa ch. Mtu ni mchu, tatu ni chachu. Ch imehamia kwa t na t imehamia kwa ch, kama majirani wawili waliobadilishana nyumba usiku mmoja bila kugongana mlangoni. Mwanafunzi akishaielewa kanuni hii, ramani ya visiwa hufunguka mbele yake. Ramani na vitabu vya kigeni vya zamani huandika Tula na Tovai. Wenyeji husema Chula na Chovai. Yaelekea waliochora ramani hizo waliyapata majina kwa manahodha na wakalimani wa kusini zaidi, ambao kila waliposikia ch ya Kibajuni waliirudisha kwenye t yao wenyewe. Hivyo kutokana na herufi moja tu twaweza kukisia ni nani alikuwa amesimama kando ya mchora ramani. Hilo si jambo dogo kwa mtu anayefundisha historia ya lugha, na halihitaji jembe wala kibali cha kuchimba.

Mbona mji uitwe kwa kisima? Jawabu liko katika jiografia. Visiwa hivi ni ukanda mwembamba wa matumbawe uliolala sambamba na bara, nao maji matamu ni ya shida. Koyama, Ngumi, Chovai, Chula: kila kisiwa watu walikaa kwa kadiri maji yalivyowaruhusu, na mashamba yao aghalabu yalikuwa bara. Aliyejua visima alijua nchi. Basi kuuita mji Kisima-iyu ni sawa na kumwelekeza msafiri pa kuteka maji.

Ukuu wa Kismayu kiserikali ulikuja baadaye, na ulikuja kwa kupokezana. Katika karne ya 19 masultani wa Unguja waliihesabu Kismayu miongoni mwa vituo vyao vya kaskazini pamoja na Barawa, Marka na Mogadishu. Mwaka 1875 Khedive Ismail wa Misri alituma manowari chini ya McKillop Pasha, zikaziteka Barawa na Kismayu. Nia ilikuwa kufungua njia ya kutoka baharini hadi kwenye maziwa makuu. Seyyid Barghash alilalamika kwa Waingereza, na baada ya miezi michache Wamisri wakaondoka. Katika muongo huo huo Wasomali wa ukoo wa Majerteen walifika kwa bahari kutoka kaskazini, wakawa wafanyabiashara wenye nguvu mjini. Kuanzia hapo Kismayu ni mji wa lugha zaidi ya moja, na mtu asidhani kwamba tunapoitaja kuwa ya Wabajuni tunawatoa wengine.

Waingereza walipotangaza himaya yao ya Afrika Mashariki mwaka 1895, Kismayu ikawa makao makuu ya jimbo la Jubaland. Himaya ikageuzwa koloni la Kenya mwaka 1920, na Jubaland ikaendelea kuwa ndani yake. Wanafunzi wakisikia kwamba Kismayu iliwahi kutawaliwa kutoka Nairobi hudhani tunawatania. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia sehemu hiyo, kutimiza ahadi zilizofanywa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwa muda wa mwaka mmoja hivi Kismayu ikawa mji mkuu wa koloni la peke yake lililoitwa Oltre Giuba, “ng’ambo ya Juba”, kabla ya kuunganishwa na Somalia ya Kitaliano mwaka 1926. Majeshi ya Uingereza yaliuteka tena mji huo Februari 1941 katika vita na Italia. Uhuru wa Somalia ulipokuja tarehe 1 Julai 1960, Kismayu ikawa mji wa mkoa. Leo ni makao ya serikali ya jimbo la Jubaland iliyoundwa mwaka 2013, ingawa mji mkuu unaotajwa katika katiba ya jimbo hilo ni Bu’aale. Inaonekana ukuu wa Kismayu una tabia ya kuandikwa mahali pengine.

Katika orodha hii ndefu ya tawala, kwa maoni yetu mwaka uliowaathiri Wabajuni kuliko yote ni 1925. Mpaka mpya ulishuka baharini Ras Kiamboni na kuwakata Watikuu vipande viwili. Ndugu wa Kiunga, Kiwayu, Ndau, Kizingitini na Faza walibaki Kenya; ndugu wa Chula, Chovai, Ngumi na Koyama wakawa raia wa Italia na baadaye wa Somalia. Bahari yenyewe haikujua mpaka. Mashua ziliendelea kupanda na kushuka na pepo, na watu kuoana. Lakini shule, magazeti na redio za pande mbili hazikuwa za lugha moja, na Somalia ilipochagua mwaka 1972 kuandika Kisomali kwa herufi za Kilatini na kukifanya lugha ya serikali na elimu, Kibajuni kilibaki lugha ya nyumbani na ya mashuani. Hatusemi hivyo kuilaumu hatua hiyo ya Kisomali, ambayo sisi wapenzi wa lugha za Kiafrika tunaiheshimu. Tunasema tu kwamba watoto wa Chula hawakufundishwa kwa lahaja yao wala kwa Kiswahili sanifu, tofauti na wenzao wa Faza waliokuwa wakisoma Kiswahili darasani.

Sasa tuwatazame wageni. Wa kwanza maarufu hakushuka hata pwani. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, akaandika habari za sultani wake, chakula chake na adabu za kuwapokea wageni, na akatuachia taarifa ambayo mwanaisimu hawezi kuipita: kwamba sultani alizungumza lugha ya wenyeji wa Mogadishu ingawa alijua Kiarabu. Kutoka hapo alipanda jahazi hadi Mombasa, akalala usiku mmoja, akaendelea Kilwa. Visiwa vya Wabajuni vilikuwa njiani, upande wa kulia wa chombo chake, na kitabu chake hakivitaji.

Waliofuata walikwenda na majembe ya aina mbalimbali. Mwaka 1913 Mwingereza mmoja, Kapteni Haywood, alidai kuokota sarafu za kale Burgavo, mahali penye magofu kwenye hori la bara linaloelekea visiwani. Miongoni mwa sarafu hizo zilikuwamo za wafalme wa Kiptolemaio wa Misri na za Warumi. Habari hiyo iliwasisimua wengi, maana ingethibitisha mji wa biashara wa zama za kale sana. Alipokwenda mwanaakiolojia Neville Chittick mwaka 1968 kukagua pwani ya kusini ya Somalia, na kuchapisha ripoti yake mwaka uliofuata katika jarida la Azania, alieleza kuta, misikiti na makaburi ya nguzo, lakini hakupata Burgavo dalili yoyote ya mji wa zama za Warumi. Sarafu za Haywood zimebaki kuwa fumbo, na sisi tunaungana na wanaozitilia shaka. Ila tunatambua jambo moja dogo: jina la mahali hapo lina neno buur, ambalo kwa Kisomali ni kilima. Kisima cha juu upande mmoja, kilima upande wa pili. Anayetaka mji mkuu wa mwinuko katika pwani hii tambarare ataupata katika majina tu.

Kati ya Haywood na Chittick walipita wawili ambao wanafunzi wetu wanapaswa kuwajua. J. A. G. Elliott alichapisha taarifa ya safari yake ya visiwani katika jarida la Chama cha Afrika cha London mnamo 1925 na 1926, wakati ule ule Jubaland ilipokuwa ikibadilisha mikono. Huyu alijali majina na simulizi za kila kisiwa, na kwa hilo tunamshukuru. Wa pili ni Mwitaliano Vinigi Grottanelli, aliyekaa na Wabajuni mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kutoa mwaka 1955 kitabu kikubwa kuhusu wavuvi hao wa Bahari ya Hindi. Kama kuna mgeni aliyeelewa kwamba mji mkuu wa watu hawa ni mashua zao na maarifa ya bahari, ni yeye. Kwa bahati mbaya kitabu kiko katika Kiitaliano, lugha ambayo walimu wengi wa Kiswahili hatuisomi.

Maarifa hayo yanastahili kusimuliwa kidogo. Wabajuni ndio waliosifika kwa kuunda mitepe, vyombo ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, vikavuka hadi mwanzo wa karne ya 20. Ndio pia waliokuwa wakivua kasa kwa kutumia samaki. Chazo ni samaki mwenye kigandisho kichwani. Mvuvi humfunga uzi mkiani, akamwachia anapomwona kasa, chazo akamganda kasa, na mvuvi akawavuta wote wawili polepole. Bara walilima kwa kufyeka msitu na kuuchoma, na usiku wa kuamkia kuchoma waliimba vave, nyimbo ndefu ambazo hutaja miti, wanyama na jembe. Kila moja ya kazi hizi ina msamiati wake. Kamba za mtepe zina majina, hatua za kuzishona zina majina, kasa hubadilika jina kwa umri na jinsia. Mtepe wa mwisho ulipooza ufukoni, maneno yake hayakupata mahali pengine pa kukaa ila katika kumbukumbu za wazee na katika kurasa za watafiti wachache. Padre Charles Sacleux aliyaingiza baadhi ya maneno ya Kitikuu katika kamusi yake ya mwaka 1939, na C. H. Stigand aliigusa lahaja hiyo mwaka 1915 katika kitabu chake cha tofauti za lahaja. Kisha pakawa na ukimya mrefu.

Na Shungwaya je? Simulizi kwa ufupi ni hii. Mijikenda husema kwamba asili yao ni Shungwaya au Singwaya, mji ulioko kaskazini, na kwamba walifukuzwa huko na Wagala, yaani Waoromo, wakashuka kusini hadi kwenye makaya yao. Wasegeju, Wapokomo na baadhi ya koo za Wabajuni wana masimulizi yanayogusa jina hilo hilo. Kitabu cha Zunuji, maandishi ya Kiarabu yaliyochapishwa na Enrico Cerulli mwaka 1957, nacho kinaitaja Shungwaya. Wengi waliotafuta mahali penyewe wameelekeza vidole Burgavo, na hapo ndipo magofu yake yalipopata umaarufu usiolingana na ukubwa wake.

Wataalamu wamevutana sana. A. H. J. Prins mwaka 1955 aliiona Shungwaya kuwa chimbuko halisi la Wabantu wa kaskazini mashariki. R. F. Morton mwaka 1972 alipinga, akisema kwamba maandishi ya karne ya 19 hayawapi Mijikenda asili hiyo, na kwamba simulizi ilienea baadaye. Thomas Spear mwaka 1978 alizitetea simulizi hizo katika kitabu chake kuhusu makaya. James de Vere Allen, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1993 baada ya kufariki kwake, aliona kwamba Shungwaya ilikuwa zaidi ya mji mmoja: jina la utawala na heshima lililohama pamoja na watu. Tukisoma hoja zote hizi na wanafunzi, kwa kawaida darasa hugawanyika, na wale watokao Kilifi na Kwale huchukua mjadala kwa uzito wa mambo ya nyumbani. Ni haki yao.

Isimu inasema nini? Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kazi yao kubwa ya mwaka 1993, walionyesha kwamba Kiswahili, Kikomoro, Kimijikenda, Kipokomo na Kiilwana ni ndugu wa tumbo moja, kundi liitwalo Sabaki kwa jina la mto. Ndugu hawa wana sauti na maumbo ya maneno ambayo hayawezi kuelezwa isipokuwa waliwahi kukaa pamoja. Mahali pa kukaa pamoja, kwa ushahidi wa mtawanyiko wa lugha zenyewe, panaelekea kuwa upande wa kaskazini wa pwani, kati ya kusini ya Somalia na kaskazini ya Kenya. Hiyo ni hoja nzito. Hata hivyo tusiizidishe. Isimu yaweza kutuambia kwamba mababu walikuwa majirani. Haiwezi kututajia mji, ukuta wala mfalme. Ukaribu huo wa lugha pia ni wa zamani mno, karne nyingi kabla ya kufukuzwa kunakosimuliwa. Hukumu yetu ni kwamba anayekwenda Burgavo kutafuta lango la Shungwaya atapata magofu ya Waislamu wa pwani wa karne za karibu, mazuri kwa nafasi yake. Anayetaka Shungwaya ya zamani zaidi aketi na Mbajuni, Mpokomo na Mngazija, awaombe wahesabu kuanzia moja hadi tano, na asikilize.

Hapa ndipo mjadala huu unapoacha kuwa wa darasani. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, visiwa vilibaki bila ulinzi. Wabajuni hawakuwa na wanamgambo wao. Wengi walipanda mashua wakashuka Kenya, wakapokewa katika kambi za wakimbizi za Mombasa. Kambi hizo za pwani zilipofungwa katika miaka ya 1990, wengine walirudi visiwani, wengine wakapelekwa kambi za bara, wengine wakatafuta njia ya kwenda Ulaya. Na huko Ulaya, kwa mara ya kwanza katika historia yake, lahaja ya Kibajuni ikawa hati ya kusafiria.

Ofisa wa uhamiaji alikuwa na swali moja: huyu mbele yangu ni Mbajuni wa Somalia, au ni Mswahili wa Kenya au Tanzania anayejifanya? Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi wa mwongozo uliohusu hasa Wabajuni na uwezo wao wa kusema Kibajuni. Waombaji walirekodiwa, rekodi zikachambuliwa, wakaulizwa pia majina ya visiwa na habari za maisha ya huko. Mchu au mtu, Chula au Tula: herufi tuliyoitumia hapo juu kusoma ramani ikawa inaamua nani abaki na nani arudishwe.

Tufikirie mtu aliyetoka Chovai mwaka 1992 akiwa na miaka minne, akakulia kambini Mombasa, akacheza na watoto wa Mombasa, akasoma kwa Kiswahili sanifu. Mama anasema nyumbani chachu. Barabarani kila mtu anasema tatu. Kijana huyu anasema tatu kwa sababu ndivyo kijana wa aina yake anavyopaswa kusema. Mchambuzi asiyejua historia hiyo ataandika kwamba si Mbajuni. Kinyume chake, mtu wa Kizingitini, raia wa Kenya tangu babu, atasema chachu bila kasoro na kupita mtihani wa watu wasiotambua kwamba lahaja ilikuwapo pande zote mbili kabla ya mpaka wa 1925. Mwaka huo huo wa 2004 wanaisimu 19 kutoka nchi mbalimbali walitoa miongozo ya uchambuzi wa aina hii, wakasisitiza kwamba usemi wa mtu huonyesha mahali alipokulia na kuingiliana na watu, wala hauonyeshi uraia wake, na kwamba kazi hiyo ifanywe na wanaisimu wenye sifa. Sisi tungeongeza jambo la upande wetu. Wapo wahitimu wa idara za Kiswahili ambao huitwa kutafsiri au kutoa maoni katika mashauri kama hayo. Mtu aliyepata alama nzuri katika fonolojia ya Kiswahili sanifu na hajawahi kumsikia Mbajuni akiongea, akiitwa aseme hajui. Kimya chake kitamsaidia yule mkimbizi kuliko makisio yake.

Nurse mwenyewe, akiwa Chuo Kikuu cha Memorial huko Newfoundland, aliendelea kukusanya Kibajuni na kuandika maelezo marefu ya watu, historia na sarufi yake. Jirani wa kaskazini, Chimwiini cha Barawa, kilipata bahati zaidi: mwaka 2004 ilitoka kamusi iliyoandaliwa na Charles Kisseberth pamoja na Mohammad Imam Abasheikh, mwenyeji wa lahaja hiyo. Jambo la kutazama hapo ni hilo jina la pili. Kamusi ya Kibajuni iliyoandikwa na Mbajuni wa visiwani inahitajika kwa namna hiyo hiyo, na inahitajika upesi, kwa sababu waliokuwa na miaka thelathini walipoondoka Chula sasa ni wazee, waliotawanyika kati ya Mombasa, Uingereza na kwingineko.

Na utalii? Mji wa Kismayu ulishikwa na al-Shabaab tangu 2008 hadi majeshi ya Kenya na washirika wao wa Jubaland walipouingia mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2012. Baada ya hapo walianza kufika wageni wachache wenye kamera. Mmoja wao alikuwa mwandishi wa habari Hodan Nalayeh, aliyekulia Kanada, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaonyesha Wasomali uzuri wa nchi yao. Julai 2019 alionyesha picha za kisiwa cha Ilisi, na wavuvi na bahari yake. Tarehe 12 ya mwezi huo aliuawa pamoja na watu wengine wasiopungua 25 katika shambulio la hoteli ya Asasey mjini Kismayu. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua shauri la mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya, na mstari uliochorwa unaanzia pale pale karibu na Ras Kiamboni, katikati ya bahari ya Watikuu.

Sisi tumefika Kiunga tu, ambako mtu akisimama ufukoni na kutazama kaskazini anaiona pwani ile ile ikiendelea, matumbawe yale yale na mikoko ile ile. Safari ya mbele kwa sasa tunaifanya kwa daftari. Idara imeanza kukusanya majina ya visima vya visiwani na vya bara, yale yenye iyu, yale yenye tini, na yale yasiyo na lolote kati ya hayo. Wanafunzi watokao Lamu, Mombasa na Malindi ambao wana jamaa wa Kibajuni tunawaomba watuletee. Jina liandikwe kama linavyotamkwa, lisisanifishwe, na kando yake litajwe jina la kisiwa, hata kama msemaji alikiacha kisiwa hicho akiwa bado mtoto wa mgongoni.